Mtu Mwaminifu kwa Lugha ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza atakaye kumsifu mtu kwa uaminifu wake hukumbwa na neema iliyozidi kiasi, maana akifungua kamusi hukuta jamii nzima ya maneno, "honest", "truthful", "sincere", "frank", "candid", "upright", "faithful", "trustworthy", na mengine nyuma ya hayo, yamepangwa safu moja kana kwamba yote ni ya daraja moja, na kwamba ukilikosa hili waweza kulishika lile bila ya hasara. Dhana hiyo imewaponza wengi. Maneno ya sifa hutoka vinywani mwa watu walio na vyeo mbalimbali, wadai na wadaiwa, mabwana na watumishi, waume na wake, na kila neno hubaki na harufu ya kikao lilimotoka hata baada ya wenye kikao hicho kuzikwa na kusahauliwa. Waingereza ni watu wa daraja tangu zamani, na maneno yao ya uaminifu, kama nitakavyojaribu kubainisha katika sura hii, aghalabu hueleza nani anamsifu nani kabla ya kueleza anamsifu kwa lipi.

Sisi nasi hatukosi mgawanyo wetu. Mkweli ni mtu wa ulimi: asemalo ndivyo lilivyo. Mwaminifu ni mtu wa amana: wamwachia fedha, ufunguo wa duka au siri ya nyumba, ukasafiri, ukarudi baada ya misimu miwili ukavikuta kama ulivyoviacha. Mwadilifu haelemei upande anapohukumu, na mwenye ikhlasi ni yule ambaye nia yake haikuchanganyika na tamaa. Twajua pia kuwa sifa hizi hazifuatani lazima, kwani yuko msema kweli wa barazani ambaye hata hivyo hakopesheki, na yuko mweka hazina asiyegusa senti ya chama ilhali akisimulia safari zake za ujana hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Kiingereza hakiukati mpaka pale tunapoukata sisi: neno lao kuu, "honest", limetwaa ulimi na mkono kwa pamoja, na palipo na tofauti hiyo ndipo mguu wa mwanafunzi unapoteleza kwanza.

Lakini kabla ya "honest" hatuna budi kulimaliza neno "faithful", maana ndilo linaloharibu barua nyingi zaidi. Kijana aliyefundishwa mapema kwamba mwaminifu ni "faithful" huandika katika maombi yake ya kazi, "I am a faithful man", akikusudia kwamba sanduku la fedha halitapungua mikononi mwake, na Mwingereza anayeisoma sentensi ile akabaki kujiuliza kwa nini mwombaji wa ukarani ameona ni lazima kumpa habari za unyumba wake. Kwa msikilizaji wa leo "faithful" ni mume asiyetoka nje ya ndoa. Ni mwumini adumuye katika dini. Ni mbwa asiyemwacha bwana wake. Ni tafsiri isiyoihini asili yake. Neno hili lamfunga mtu na mtu mwingine au na itikadi, wala halina habari na hesabu za duka.

Lawama, hata hivyo, haimwangukii kijana peke yake. Shule za Afrika Mashariki zimefundisha kwa vizazi kadhaa kanuni ya barua ya Kiingereza, ya kwamba ukianza kwa "Dear Sir" umalize kwa "Yours faithfully", na ukianza kwa kumtaja mtu kwa jina lake umalize kwa "Yours sincerely", na kwa kanuni hiyo sisi tukajitengenezea "Wako mwaminifu" na "Wako mtiifu", mpaka ofisi za Tanzania zilipozoea kutia sahihi chini ya "Wako katika ujenzi wa taifa". Ukiitazama kanuni ile kwa jicho la mgeni utaiona ni ya ajabu: yule ambaye hata jina lake hulijui wamwahidi uaminifu, na yule umjuaye wamwahidi unyofu wa moyo, na wote wawili wanajua kuwa hukuwaahidi chochote. Maafisa wa serikali ya kikoloni walikuwa wakimaliza kwa maneno marefu zaidi ya hayo, kwamba mwandishi anayo heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa anayeandikiwa, na barua yenyewe huenda ilikuwa ya kumkaripia. Hii ni adabu ya mkono tu, kama vile sisi tunavyomwuliza mtu habari za nyumbani huku miguu yetu ikiendelea na safari. Basi mwanafunzi alipokee "faithfully" kama pambo la mwisho wa barua, asilipandishe juu kuwa sifa yake.

Sasa "honest". Neno hili lilitoka katika Kilatini, na katika Kilatini maana yake ilikuwa mwenye heshima, mtu wa hadhi. Liliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi ile mwaka 1066 na kukifanya Kifaransa kuwa lugha ya mabwana, na alama ya njia liliyopitia ingaliko mpaka leo, kwani herufi ya kwanza huandikwa lakini haitamkwi, kama ilivyo katika "honour", "heir" na "hour". Ndiyo sababu husemwa "an honest man", na mwanafunzi aandikaye "a honest man" ameitamka herufi ambayo wenyewe wamekwisha kuizika. Ndugu wawili hao, "honest" na "honour", walikuwa mlango mmoja. Kisha wakaachana njiani, "honour" akabaki juu na waheshimiwa, na "honest" akateremka taratibu mpaka akafika jikoni.

Katika kuteremka huko lilipita mahali pa ajabu. Kwa muda mrefu mwanamke akiitwa "honest" hakusifiwa kwa kusema kweli wala kwa kutunza mali. Alisifiwa kwa kuwa hakujuana na wanaume nje ya ndoa, na masalia ya maana hiyo yamo katika msemo wao wa kwamba fulani amemfanya fulani kuwa "an honest woman", yaani amemwoa baada ya mambo kwisha kuharibika. Mwanamume yeye akiitwa hivyo alisifiwa kwa mambo mengine kabisa. Shakespeare, katika mchezo wake wa Othello ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 17, aliitumia tofauti hiyo kama mfua dhahabu atumiavyo moto. Iago, askari mwenye hila ambaye amepitwa cheo na kijana Cassio na moyo wake ukajaa uchungu, huitwa "honest" na karibu kila anayesema naye. Othello humwita hivyo, Cassio humwita hivyo. Na katika muda huo huo Iago anapandikiza shaka katika moyo wa Othello kama mkewe, Desdemona, ni "honest" kwa maana ile nyingine, ya usafi wa mwili. Neno na jamaa zake limo katika mchezo huo zaidi ya mara 50, na mhakiki William Empson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya maneno yenye maana zilizosongamana, alilifanyia sura nzima. Mojawapo ya mambo aliyoyaona, ambalo kwa maoni yangu ndilo litufaalo zaidi sisi, ni kwamba zama zile neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa sifa ya mkubwa kwa mdogo: wamsifu kwa "honest" mtu unayemwona chini yako, kwa namna ya kumpigapiga begani, na msifiwa mwenye akili husikia kofi ndani ya sifa.

Wazee wetu walilionja kofi hilo bila ya kusoma Shakespeare. Mpishi, dobi, yaya au mtunza bustani aliyeachishwa kazi kwa Mzungu aliyerejea kwao alipewa cheti cha kumwonyesha Mzungu mwingine, na maneno ya vyeti hivyo yalifuata desturi ambayo mabwana waliitoa Uingereza kwenyewe, walikokuwa wakiwaandikia watumishi wao weupe maneno hayo hayo: kwamba mwenye barua hii ni "honest, sober and hardworking", haibi, halewi, na hachoki. Katika Kenya, ambako tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande katika kijisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni, riziki ya mtu ilitegemea maandishi ya watu wa namna hiyo, ambayo mara nyingi mwenyewe hakuweza kuyasoma. Zingatia kwamba Mzungu yule asingemwandikia mwenzake wa klabu kwamba ni "honest and sober". Lau angefanya hivyo, mwenzake angedhani anatukanwa, kwa sababu kumshuhudia mtu kwamba haibi ni kukiri kwamba ulikwisha kuwaza kama huenda anaiba. Kwa mwenzake alikuwa na akiba nyingine ya maneno: "a man of honour", "a gentleman", "a man of integrity".

Sisemi kwamba neno limebaki pale lilipokuwa. Leo Mwingereza humwita rafiki yake "honest" kwa mapenzi, na mwanasiasa atakayeitwa hivyo atashukuru sana, pengine kwa kuwa halimfikii mara nyingi. Lakini mwalimu amwandikiaye mwanafunzi wake barua ya kumwombea nafasi katika chuo kikuu, akaanza kwa "He is an honest boy", bado anaandika cheti cha mpishi. Aandike "trustworthy". Hilo ndilo neno lililo karibu zaidi na mwaminifu wetu kuliko maneno yote waliyo nayo, kwa kuwa ndani yake mna "trust", na "trust" ni amana. Mwaminifu, amini, imani na amana ni ukoo mmoja uliotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na Waislamu wanakumbuka kwamba Mtume Muhammad alipewa na watu wa Makka lakabu ya al-Amin kabla ya kupewa utume, kwa kuaminika kwake katika maneno na katika mali za watu. Pwani yetu, ambako jahazi liliondoka na mali ya mtu likarudi kwa pepo za msimu mwingine, haikuwa na namna ya kufanya biashara isipokuwa kwa watu wa aina hiyo. Soko la hisa la London nalo lilijitwalia wito wa Kilatini wenye kusema kwamba neno langu ni dhamana yangu, na wafanya biashara wake walinunua na kuuza kwa maneno ya mdomo. Maana hiyo ni ile ile ya bandarini kwetu, ijapokuwa joho ni jingine.

Ama "honour", yule ndugu aliyebaki juu, mahali pake pa kumtazama ni Bungeni. Wabunge wa Uingereza huitana "honourable", nasi tukawaiga kwa "mheshimiwa", na kanuni ifuatayo heshima hiyo ni kwamba mbunge haruhusiwi kumwambia mwenziwe ukumbini kuwa amesema uongo. Mwezi Julai 2021 mbunge Dawn Butler alisema kwamba waziri mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge na taifa. Akatakiwa ayaondoe maneno yake, akakataa, akaamriwa kutoka. Mbunge Ian Blackford alitoka kwa mlango huo huo, kwa kosa kama hilo, Januari 2022. Kwa kuwa neno lenyewe limeharamishwa, Waingereza wamejitungia mitaa ya kulizunguka. Winston Churchill, akiwa waziri mdogo wa makoloni mwaka 1906, mwaka mmoja kabla ya ziara yake ya Mombasa, Nairobi na Uganda, aliliambia Bunge kwamba mikataba ya vibarua Wachina katika Transvaal haiwezi kuitwa utumwa bila ya hatari ya "terminological inexactitude", yaani kukosekana kwa usahihi wa istilahi. Na watu wakalishika neno hilo refu likawa jina la mzaha la uongo. Miaka 80 baadaye Sir Robert Armstrong, katibu wa baraza la mawaziri, alibanwa katika mahakama ya Sydney kwa habari ya barua iliyopotosha, akajibu kwamba haikuwa uongo, ila huenda ilikuwa "economical with the truth", ya kuibania kweli matumizi.

Msomaji wa Kiswahili asicheke haraka. Nasi tunalikwepa neno muongo mbele ya mtu mzima, tukamwambia labda hukusikia vizuri, au umeteleza ulimi, au hilo lina walakini; na mtoto anayemwambia mjomba wake kuwa anasema uongo atafundishwa adabu kwanza, kisha ndipo itakapoulizwa kama kweli mjomba alidanganya. Ndiyo sababu wasikilizaji wetu hawakupata tabu kumwelewa Antony alipopanda jukwaani kwa Kiswahili katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotolewa mara ya kwanza 1963. Antony hamwiti Brutus muuaji. Humsifu kwa heshima yake, akarudia kumsifu kila anapokwisha kutaja tendo jema la marehemu Kaizari, mpaka sifa ile inachacha mdomoni mwake na umati wa watu wenyewe unaitema. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi neno la heshima linavyogeuzwa kuwa tusi bila ya kubadilishwa herufi moja aisome hotuba hiyo kwa sauti, kwa lugha zote mbili.

Maneno yaliyosalia yanahitaji maelezo machache. "Frank" ni jina la Wafaranki, kabila lililoishinda nchi ambayo leo ni Ufaransa, na kwa kuwa katika nchi ile waliohesabiwa huru kamili walikuwa wao, jina lao likawa na maana ya uhuru, kisha ya uhuru wa kusema. Mtu "frank" hakufichi analolifikiri, hata kama anachokifikiri ni upuuzi. "Candid" ni weupe wa Kilatini, na wa jamaa yake ni "candidate", kwa sababu Warumi waliogombea vyeo walivaa majoho yaliyong'arishwa kwa chokaa. Sisi tusemao moyo mweupe, na kusema jambo peupe, hatuhitaji kufundishwa zaidi. Tofauti ya mawili hayo ni ya adabu: "frank" aweza kukujeruhi, "candid" amekutaka radhi kwanza kwa namna yake. "Sincere" ni usafi wa kitu kisichoghushiwa, nalo huambatana na hisia na nia, halina kazi katika mizani na hesabu, kwa hiyo ni ndugu wa ikhlasi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni kuwa safi pasipo mchanganyiko. Kuna kisa kipendwacho na walimu, cha wachonga sanamu wa Roma waliojaza nyufa kwa nta na wengine wasiojaza, kwamba eti neno lilitokana na "bila nta". Kisa hicho ni cha kubuni, na mwalimu mwenye kukipenda akisimulie baada ya kengele ya mwisho.

"Integrity" na "transparency" ni maneno ya ofisi za zama zetu, na yametufikia kwa kishindo. La kwanza ni ukamilifu wa kitu kisichopasuka. La pili ni hali ya kioo. Peter Eigen, Mjerumani aliyekuwa akiiwakilisha Benki ya Dunia mjini Nairobi, aliyaona ya rushwa kwa macho yake, akaanzisha Transparency International mjini Berlin mwaka 1993, na tangu hapo hakuna mkutano wa wafadhili uliokosa neno hilo. Rais Mkapa alilipa nguo ya Kiswahili katika wito wake wa Ukweli na Uwazi, na Wakenya waliitengea Sura ya Sita ya Katiba yao ya 2010 habari za uongozi na uadilifu. Uadilifu ni neno bora kuliko lile linalolifasiri. Linatokana na kusawazisha, na ndani yake yumo mtu wa pili anayestahili haki yake, ilhali mtu aweza kuwa na "integrity" akiwa amejifungia chumbani peke yake. Mwandishi wa Kiingereza anayemtaja kiongozi na alitumie "integrity" kwa uchache, kwa mtu aliyejaribiwa akashinda. Akilimwaga kwa kila mkurugenzi mpya siku ya kuapishwa halitakuwa na thamani siku atakapolihitaji.

Limebaki jambo la mazungumzo. Waingereza huanza sentensi kwa "honestly", "frankly", "to be honest" na "to be perfectly honest", na mgeni hudhani anakaribia kusikia siri. Hasikii siri yoyote. Ya kwanza ni mguno wa aliyechoshwa. Ya pili hutangulia maneno yatakayouma. Ya tatu na ya nne mara nyingi hutangulia kukataa mwaliko. Hazina uzito wa wallahi wala wa haki ya Mungu, ambazo mwenye dini huzitamka kwa hofu ya kuulizwa kesho; zimekaribiana zaidi na kwa kweli yetu, ambayo nayo tumeitumia mpaka imepwaya. Mwanafunzi azielewe azisikiapo, azijibu kwa upole, na yeye mwenyewe azitie mara chache mno. Vijana wengi siku hizi hujibu kila swali la usaili wa kazi kwa kuanza na "to be honest", wakidhani wanaonyesha ufasaha, na mwenye kuwasaili akaanza kuhesabu ni majibu gani yaliyotolewa bila ya dibaji hiyo. Waiache, wajibu swali waliloulizwa.